Mkate wa Ndizi na Makadamia: Historia ya Uokaji wa Nyumbani katika Thika na Ruiru

Mkate wa ndizi wenye makadamia, unaookwa leo katika nyumba za Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, una umri mdogo kuliko kila kitu kilichomo ndani yake. Ndizi zimelimwa katika mabonde ya mito ya Chania, Thika na Ruiru tangu enzi zisizo na tarehe iliyoandikwa. Kampuni ya Unga, iliyosaga ngano ya Kenya kwa ajili ya soko, ilianzishwa mwaka 1908. Makadamia za kwanza zilipandwa karibu na Thika mwaka 1946. Lakini desturi ya kuviweka vitu hivi vitatu katika chombo kimoja na kuvioka nyumbani, iwe kwa kula, kwa kukirimu wageni au kwa kuuza, haikuenea mpaka miongo ya karibuni. Kuchelewa huko hakukutokana na uhaba wa vitu wala na uzembe wa wapishi. Kulitokana na jinsi ardhi, kazi, nishati na biashara zilivyopangwa katika eneo hili kwa muda mrefu, hata wakazi wake wakawa wanazalisha karibu kila kilichohitajika huku wao wenyewe wakiachiwa kidogo sana.

Ni vyema kwanza kukieleza chakula chenyewe. Mkate wa ndizi hauumuliwi kwa hamira, ambayo ni kuvu hai wanaokula sukari ya unga na kutoa gesi polepole, bali huumuka kwa kemikali: bikaboneti ya soda, ambayo ni chumvi yenye tabia ya magadi, inapokutana na asidi iliyomo katika ndizi mbivu au katika maziwa lala, hutoa gesi ya kaboni dioksidi papo hapo, na gesi hiyo hunaswa ndani ya rojo kabla joto halijaligandisha. Kwa sababu hiyo mpishi hakandi wala hangoji. Huponda ndizi, huchapa siagi na sukari pamoja na mayai, huongeza unga uliochekechwa, hukoroga kidogo tu na kuingiza motoni bila kukawia. Ndizi inayofaa ni ile iliyopita hatua ya kupendeza machoni, ambayo ganda lake limejaa madoa meusi, kwa kuwa wakati huo wanga wake umekwisha kugeuka sukari na nyama yake huvunjika kwa uma bila shida. Makadamia hutiwa mwishoni zikiwa zimekatwakatwa, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya uzito wa kokwa yake ni mafuta, huulainisha mkate kwa namna ambayo njugu karanga haziwezi. Mafuta hayohayo ndiyo huzifanya zichache upesi zisipohifadhiwa vyema.

Katika kilimo cha Wakikuyu, waliokuwa wakazi wa mabonde haya kabla ya reli, ndizi ilihesabiwa kuwa zao la wanawake. Migomba ilipandwa karibu na boma na kandokando ya vijito, pamoja na nduma na miwa, na mwanamke aliyeitunza ndiye aliyeamua mkungu upi ukatwe, upi upelekwe sokoni na upi uvundikwe, yaani ufunikwe shimoni kwa majani makavu mpaka uive. Aina za kienyeji kama muraru na mutahato zilijulikana kwa majina na kwa matumizi yake. Ndizi mbichi zilichemshwa na kupondwa pamoja na mahindi na kunde au maharagwe, nyingine zilichomwa katika jivu la moto, na ndizi laini ziliwafaa watoto waliokuwa wakiachishwa ziwa. Kuchemsha na kuchoma ndizo zilizokuwa njia kuu za upishi, na hapakuwa na tanuri wala unga wa ngano, wala hapakuwa na haja navyo. Inafaa kutaja hapa kwamba Afrika Mashariki haikuwa mpokeaji tu wa mmea huu uliotoka Asia ya Kusini-Mashariki, kwa kuwa wataalamu wa jenetiki wamegundua kwamba kundi la ndizi liitwalo Mlali, linalopatikana katika pwani na visiwa vya upande huu wa bara, lina undugu wa karibu na mzazi mmoja wa Cavendish na Gros Michel, aina mbili zilizotawala biashara ya ndizi ya dunia nzima katika karne ya 20.

Mwanzoni mwa karne hiyo ardhi iliyozunguka makutano ya mito ya Chania na Thika iligawiwa walowezi. Hoteli ya Blue Posts ilianzishwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya mito hiyo miwili, reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na nchi iliyokuwa ya migomba na mtama ikageuka kuwa ya kahawa na mkonge, kisha ya mananasi. Nyumba za walowezi zilileta jikoni mambo mawili mapya. La kwanza ni jiko la chuma la kuni lenye chumba cha kuokea, na pale ambapo jiko kama hilo halikupatikana, mkate uliokwa ndani ya debe la mafuta ya taa lililozungushiwa makaa. La pili ni maelekezo yaliyoandikwa: mwaka 1928 chama cha wanawake wa Kanisa la Scotland mjini Nairobi kilichapisha kitabu *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide*, ambacho kiliendelea kutolewa upya hata miaka ya 1950 na kikawa mwongozo wa keki na mikate katika nyumba nyingi za mashamba.

Mkate wa ndizi wenyewe, kwa umbo unalojulikana leo, ulitengenezwa Marekani, ambako viumulishi vya kemikali vilikuwa vimekuwa bidhaa ya kawaida ya dukani tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na ambako hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1930 iliwafundisha wapishi kutotupa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kampuni ya unga ya Pillsbury iliuweka katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1933, na tangu hapo ukasambaa katika nchi zinazosoma Kiingereza. Hakuna ajabu kwamba ulipokelewa vizuri mahali ambapo ndizi zilioza kwa wingi shambani. La ajabu ni kwamba waliozilima ndizi hizo hawakuula.

Waliouoka, hata hivyo, walikuwa Waafrika. Kazi ya upishi ya mshahara katika nyumba za walowezi ilikuwa karibu yote mikononi mwa wanaume, waliobeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambao walijifunza kupima unga, kutambua joto la jiko kwa kuingiza mkono na kujua mkate umeiva kwa kuuchoma kijiti. Baadhi ya wapishi waliopanda bara kwa reli walitoka pwani, ambako maarifa ya kuoka yalikuwa ya zamani kuliko ukoloni: mkate wa kumimina na mkate wa mayai uliokwa, kama unavyookwa hadi leo Lamu, Mombasa na Unguja, ndani ya sufuria iliyowekewa moto wa chini na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Mbinu hii ya moto juu na chini ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa uokaji wa nyumbani katika Kenya nzima, na inastahili kutajwa kwa heshima kuliko oveni ya walowezi, kwa kuwa oveni ilibaki katika nyumba chache ilhali sufuria na makaa vilifika kila kijiji. Mpishi wa kiume aliyerudi nyumbani mwishoni mwa mwezi alirudi na maarifa, lakini ngano, siagi, sukari na mayai vilimzidi uwezo, na desturi za wakati ule hazikumruhusu kuingia katika jiko la mkewe na kupika.

Badiliko lilikuja kwa njia yenye uchungu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya uangalizi wa idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, na viongozi wa klabu zake walifundishwa katika Shule ya Jeanes iliyokuwa Kabete. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kuwakandamiza wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau, na tangu mwaka 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja wakahamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa kwa bunduki, vikiwemo vile vya Kiambu na Murang'a vinavyopakana na Thika. Katika vijiji hivyo klabu za Maendeleo zilikuwa chombo cha serikali cha kuwavuta wanawake waache kuwaunga mkono wapiganaji, na papo hapo zilikuwa mahali ambapo wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kutunza watoto na kuoka. Mwanahistoria hana budi kuyashika mambo haya yote mawili bila kulilegeza lolote. Somo la keki lilitolewa na utawala uliokuwa umechoma nyumba za wanafunzi wake. Na wanawake hao walilichukua somo, wakaliacha kusudi la mwalimu, na baada ya uhuru wakalitumia watakavyo, katika vikundi vyao vya kusaidiana na katika sherehe zao za harusi na ubatizo.

Historia iliyoandikwa ya Thika imeshughulika sana na kahawa, mkonge, nanasi na viwanda, na ile ya Ruiru imejengwa juu ya utafiti wa kahawa uliofanywa katika kituo cha Jacaranda, ambako aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mambo hayo ni makubwa na yanastahili nafasi yake. Lakini historia inayoishia kwenye lango la kiwanda huacha nje nusu ya watu waliofanya kazi, na huwaacha wasomaji wakidhani kwamba maarifa ya uzalishaji yalitoka maabara pekee.

Shule iliendeleza kile ambacho klabu zilikuwa zimekianza. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansi Kimu, yaani somo la upishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba, liliingizwa katika madarasa ya juu ya shule za msingi, likawahusu wavulana na wasichana, na likatahiniwa mpaka mapema katika miaka ya 2000 lilipoondolewa katika mitihani ya taifa. Wazazi walilalamika, na kwa haki, kwamba walitakiwa kununua unga, mayai na siagi ya mimea ya Blue Band kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Hata hivyo kizazi kizima cha watoto wa vijijini kiliona kwa mara ya kwanza rojo likiumuka ndani ya sufuria iliyopaliwa makaa, na wengi wa waokaji wa makamo wa leo ni wa kizazi hicho. Kokwa iliyotumika wakati huo, ilipopatikana, ilikuwa njugu karanga, ambazo zilitoka magharibi mwa Kenya na kuuzwa zikiwa zimekaangwa katika vituo vya magari. Makadamia zilikuwa zikianguka chini ya miti umbali wa hatua chache kutoka madarasani, lakini hazikuwa za kuliwa.

Habari ya mti huu inahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo siri ya eneo zima. Mmakadamia ni mti wa misitu ya mashariki mwa Australia, katika majimbo ya Queensland na New South Wales, ambako wenyeji wa asili walikula kokwa zake muda mrefu kabla ya mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller kuupa jina la rafiki yake John Macadam mwaka 1857. Hawaii ndiyo iliyoufanya kuwa zao kubwa la biashara katika karne ya 20. Kenya ulifika mwaka 1946, pale mlowezi Bob Harries alipopanda mbegu kutoka Australia katika shamba lake karibu na Thika, na kitalu chake ndicho kilichosambaza miche kwa wakulima wengine katika miaka ya 1960. Miti ya kwanza ilioteshwa kwa mbegu na ilitokana na spishi mbili, moja yenye ganda laini na nyingine yenye ganda la vipele, pamoja na machotara yake, kwa hiyo mavuno yalitofautiana mno kutoka mti mmoja hadi mwingine: mti mmoja ulitoa kokwa nyeupe zilizokaangika vizuri, na jirani yake ukatoa zenye sukari nyingi zilizoungua upesi.

Mwaka 1974 Kampuni ya Kenya Nut ilianzishwa Thika kwa mtaji wa Mjapani Yoshiyuki Sato na washirika wa Kikenya, na kiwanda chake kikawa lango la zao hili kuelekea masoko ya nje. Serikali ya Japani, kupitia shirika lake la ushirikiano wa maendeleo, ilisaidia utafiti katika kituo cha taifa cha kilimo cha bustani cha Thika, ambako watafiti walichagua miti bora kutoka mashamba ya wakulima na kuibebesha, yaani kuunga kikonyo cha mti bora juu ya shina la mche wa kawaida ili sifa zake zisipotee. Majina ya aina zilizotolewa yanahifadhi kumbukumbu ya mahali miti mama ilipokutwa: KMB-3 ya Kiambu, MRG-20 ya Murang'a, KRG-15 ya Kirinyaga na EMB-1 ya Embu. Wakulima walipanda makadamia kati ya mibuni na pembeni mwa mashamba, na vyama vyao vya ushirika vya kahawa ndivyo vilivyokusanya kokwa na kuzipeleka kiwandani.

Ganda la makadamia ni gumu kuliko la kokwa nyingine yoyote inayouzwa kwa wingi duniani, na ugumu huo ndio uliompa mwenye mashine mamlaka. Kiwandani kokwa hukaushwa mpaka unyevu wake ubaki takriban asilimia 1.5, zikanywea na kuachana na ganda, kisha hupasuliwa na kupangwa kwa madaraja, na wengi wa wanaozichambua mezani ni wanawake. Mkulima asiye na mashine alikuwa na jiwe tu, na jiwe hutoa vipande. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa familia zilizokuwa na miti mitano au kumi ziliuza kokwa zote zikiwa na ganda, zikaona makadamia zilizokaangwa na kutiwa chumvi katika vifurushi vya wageni wa hoteli na viwanja vya ndege, na watoto wao wakapasua chache kwa mawe kwa ajili ya kujifurahisha. Mfumo huo wa kutegemea kiwanda kimoja ulipolegea katika miaka ya 1990, vikazuka viwanda vingine, kikiwemo Equatorial Nut Processors kilichoanzishwa Murang'a mwaka 1994, na baadaye kampuni ya Jungle ya Thika; pamoja navyo wakaja madalali waliozinunua kokwa shambani, mara nyingi zikiwa hazijakomaa, ili zisafirishwe China na ganda lake. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa makadamia ghafi, marufuku ikaingizwa katika Sheria ya Mamlaka ya Kilimo, Uvuvi na Chakula ya mwaka 2013, kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikalegezwa kwa muda baada ya bei ya mkulima kuanguka vibaya.

Ndani ya biashara hii kuna jambo dogo lililoufaa mkate. Soko la nje hulipa zaidi kwa kokwa nzima, na vipande vilivyovunjika hushuka daraja na bei. Kwa muoka mkate vipande ndivyo hasa vinavyotakiwa, kwa kuwa kokwa nzima huzama chini ya rojo na kumpa mlaji mmoja kila kitu na mwingine hasara. Kadiri viwanda vya Thika vilivyoongezeka ndivyo vipande hivyo vilivyoanza kuonekana katika maduka ya karibu, na ndivyo makadamia ilivyoacha kuwa kitu cha kupitishwa tu na kuanza kuingia katika nyumba za mji ulioizalisha. Ilichukua karibu nusu karne tangu mbegu ya Harries hadi kufikia hapo, na haifai kuita muda huo mwendo wa kawaida wa maendeleo.

Ndizi nazo zilipitia msukosuko wake. Katika miaka ya 1980 na 1990 ugonjwa wa mnyauko wa Panama, madoa meusi ya majani, fukusi na minyoo ya mizizi viliidhoofisha migomba ya Murang'a na Kiambu, kwa kuwa wakulima walipanda machipukizi yaliyochimbwa kwenye mashina ya zamani na hivyo kuhamisha maradhi pamoja na mche. Tangu mwaka 1997 mradi uliohusisha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na shirika la ISAAA, ambako mtaalamu wa Kikenya Florence Wambugu alikuwa kiongozi, ulisambaza miche iliyozalishwa kwa njia ya tishu, yaani kuotesha chembe chache za ncha ya mgomba ndani ya chupa, katika chakula maalumu kisicho na vijidudu, mpaka ziwe maelfu ya miche safi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichopo Juja katikati ya Ruiru na Thika, kikawa mmoja wa wazalishaji wa miche hiyo. Wakati uleule kahawa ilikuwa imeanguka, kwa kuwa mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya mauzo ulivunjika mwaka 1989, na wakulima ambao kwa miaka mingi walikatazwa kuchanganya mibuni na mazao mengine walianza kuipa migomba nafasi. Zao lililokuwa la wanawake na la pembeni likawa la fedha, na katika nyumba kadhaa wanaume wakalitazama upya kwa macho ya mwenye shamba. Hilo ni dhuluma iliyojificha ndani ya habari njema, na watafiti wa jinsia katika kilimo wamelieleza mara nyingi. Mikungu ya Grand Nain na Williams ikajaa katika soko la Madaraka mjini Thika na katika soko la Githurai upande wa Ruiru, na pamoja nayo zikaja ndizi zilizoiva kupita kiasi, ambazo muuzaji huziachilia jioni kwa bei ndogo.

Lililobaki lilikuwa moto. Maji ya Mto Ruiru yalizalisha umeme wa Nairobi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na yale ya Mto Thika yakafuata katika kituo cha Ndula miaka ya 1920, lakini nyaya zilipita juu ya vijiji bila kuteremka. Nyumba nyingi za vijijini ziliunganishwa na umeme baada ya mwaka 2015, katika mradi wa serikali wa kuwafikia wateja wa mwisho wa laini, na hata sasa gharama humfanya muokaji wa kawaida kuitumia oveni ya umeme kwa hesabu. Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, linaloitwa meko, ndilo lililoleta nafuu kubwa zaidi: sufuria pana huwekewa mchanga mkavu au mawe madogo, hupashwa moto, chombo chenye rojo huwekwa juu ya kichanja kidogo ndani yake, na kifuniko hufungwa kwa takriban saa moja. Njia hii haiugeuzi mkate rangi ya kahawia juu kama ifanyavyo oveni, kwa hiyo wengine humalizia kwa makaa machache juu ya kifuniko, wakirudia bila kujua au kwa kujua ile mbinu ya pwani.

Watu wa kuula mkate huo waliongezeka kwa kasi. Barabara kuu ya Thika, iliyojengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, iligeuza mashamba ya kahawa ya Ruiru kuwa mitaa ya nyumba za kupanga, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu 490,000 katika mji wa Ruiru na takriban 250,000 katika Thika. Hawa ni watu wanaoondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, wenye kupenda kitafunio kinachokaa siku kadhaa bila kuharibika, na wanaoujua mkate wa ndizi kutokana na mikahawa ya kahawa iliyoenea Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vikubwa vya mikate vya Thika, Broadways na Kenblest, vilikwisha kulishika soko la mkate mweupe wa kila asubuhi, na mwanamke mmoja mwenye meko hawezi kushindana navyo hapo. Mkate wa ndizi ulimwachia nafasi, kwa kuwa ndizi zilizopondwa haziendani kwa urahisi na mashine zinazotaka rojo lisilobadilika siku hadi siku, na ubora wake hutegemea jicho la mtu anayejua ndizi ya leo ina maji kiasi gani.

Mwaka 2020 ulikaza yote haya. Tarehe 6 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi kwa sababu ya korona, na mpaka wa eneo hilo upande wa kaskazini uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania mjini Thika. Kwa miezi mitatu Ruiru na Thika zilikuwa ndani ya zuio na Murang'a ilikuwa nje, ingawa malori ya chakula yaliruhusiwa kuvuka. Shule zilifungwa, hoteli zikapunguza wafanyakazi, na katika nyumba ambamo mshahara ulikatika, sufuria ya kuokea ikawa kitega uchumi. Kote duniani watu waliokuwa wamefungiwa ndani walioka mkate wa ndizi kwa kujiliwaza. Hapa wengi waliuoka ili kulipa kodi ya nyumba, wakiuza kwa majirani na kupokea malipo kwa M-Pesa.

Ni halali basi kuuita mkate huu wa Thika na Ruiru, ingawa maelekezo yake yalitoka Marekani na kokwa yake Australia, kwa sababu kazi iliyouwezesha ni ya watu wa hapa, na sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo ni ya wanawake ambao majina yao hayamo katika kumbukumbu za kiwanda, kituo cha utafiti wala ofisi ya wilaya. Wale waliofundishwa kuoka katika klabu za vijiji vya Hali ya Hatari wangali hai wachache, na wote wamepita umri wa miaka themanini. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kipo Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kipo Thika, na Idara ya Nyaraka za Taifa iko mwendo wa saa moja kwa gari. Taasisi hizi zina wanafunzi na vifaa vya kutosha kuwafikia akina mama hao, kurekodi maelezo yao katika Kikuyu na Kiswahili na kuyahifadhi, na zinaombwa zifanye hivyo mwaka huu.